Mavuno ya Dukani

Kuna miguu ya shaba,
mitatu, wala si haba,
mtungi wetu hubeba,
kwetu Wete, uwanjani.

Mgeni akiuliza,
mama huanza kuwaza,
kisha sauti hupoza:
"Ni ya yule wa zamani."

Huko Bombei ni kwao,
kofia kama kibao,
na masanduku ya mbao,
bwana huyu Narimani.

Zamani fundi wa saa,
akaona inang'aa
shuka moja yenye taa,
kauza nyundo sokoni.

Unguja alionyesha
gari-moshi la kutisha,
hema zima likakesha
huko nyuma ya Funguni.

"Picha za watu," kanena,
"nazikodi, zanibana;
nataka yangu ya jina,
ya karafuu, mitini."

Akaja mwezi wa Machi,
mikarafuu i uchi;
wazee wa hii nchi
wakacheka barazani.

Alipanga kwa Bi Mize:
taa asiipulize,
iachwe ijimalize,
kwao moto ni imani.

Faki Kombo akasema,
"Subiri hadi kuchuma."
Mgeni akalalama:
"Deni liko mlangoni!"

Akakopa magunia
na uzi wa kushonea,
wanawake kawambia:
"Zifungeni matawini."

Tayabali kaandika,
kila ratili kaweka,
na uzi ulokatika,
kitabuni mwa madeni.

Siku tatu walifunga
mafundo kama ya kanga,
huku wacheka ujinga
wa mavuno ya dukani.

Alitaka nguo nzuri,
kanga mpya, na hariri.
"Nani, ewe mashuhuri,
hupambwa, kenda shambani?"

Bibi yangu, Bimkasi,
alipanda kwa wepesi.
"Taratibu! Siyo kasi!"
akaguta yule chini.

Mpini ukazunguka,
tiki-tiki ikatoka,
naye bibi akashika
karafuu za uzini.

Akavuta mara tatu,
mafundo hayana utu;
tawi likakatika tu,
kaning'inia hewani.

Bwana hakuacha kazi,
hakuitafuta ngazi;
kanga, mguu, na uzi,
vyote vikawa pichani.

"Hapo nilimchukia,"
bibi alishanambia,
"kisha nikaona pia
chozi liko kidevuni."

Filamu kaipeleka
Bombei kusafishika.
Mwaka mzima kufika
neno moja bahashani.

Neno lenyewe: "Ukungu."
Mti, bibi, hata mbingu,
vilifutwa kwa mafungu
visirudi asilani.

Bi Mize alisikia
pumzi ikivuvia:
taa aliyoilea
imezimwa, mle ndani.

Hakulipa hata siku.
Akaja kwetu usiku,
mithili mwizi wa kuku,
na hii shaba begani.

"Chukua," akamwambia,
"ndicho kilichosalia;
jicho lake nitatia
rehani kule dukani."

Kila meli ikaleta
habari za kuokota:
Lamu auza mafuta,
Beira yu gerezani.

Mwengine akamuona
Bombei, na jina hana,
achana tiketi tena
za wenziwe, mlangoni.

Nyuzi nazo zikabaki,
mafundo hayafunguki;
wachumaji hawacheki
wakizikuta tawini.

Gari la picha likija,
bibi mbele, akingoja,
mkeka wake mmoja,
hatikisiki, makini.

Taa zikishazimika,
wenzake wakiondoka,
hakubali kuinuka,
macho bado ya shukani.

"Lile tawi," alisema,
"limekatika mapema.
Nataka kuona vyema
nilicheka, au nini."

Mimi nikichota maji
hiyo shaba siihoji;
bado ni mtazamaji
asiyekuwa na mboni.