Safu ya Sababu

Daftari nililopewa kituoni lina safu saba.
Ya mwisho imeandikwa SABABU,
upana wake vidole viwili,
na juu yake agizo: andika namba tu.
Moja, hajui. Mbili, hataki. Tatu, hayupo.

Nimepanda Karambi na gamba la matope miguuni,
nimebisha milango arobaini na mmoja,
bado sijamwona asiyejua.

Kabugho anajua.
Anajua hata siki wanayopaka,
ile ile ya kachumbari. Alicheka:
"Kwani mimi nyanya?"
Kisha kicheko kikakatika.
Tabibu wa zamu pale ni Thembo,
aliyemwoa binti yake.
Kijana yule akimwona mama mkwe njiani
huacha njia, hupita migombani na baiskeli begani;
naye mama huvuta kitenge, hutazama mlima.
"Miaka sita tumeheshimiana hivyo.
Leo nikapande kitanda chake, nipanue magoti?
Niandikie namba yoyote, mwanangu."

Kwa Mbambu sikuingia ndani.
Alinisimamisha kwenye mkeka wa kahawa,
akichambua, punje mbovu huku, nzima huku.
Dada yake alipimwa.
Alikwenda Mulago akitembea,
kikapu kakibeba mwenyewe.
Likauzwa shamba la chini, kisha ng'ombe, kisha la juu,
akarudi amelazwa juu ya gari la viazi.
"Kabla hawajamwangalia alikuwa mzima."
Nilikuwa na jibu. Nimefundishwa jibu hilo siku mbili,
kwa chai na mandazi.
Likanikaa kooni kama mwiba wa samaki,
maana shamba la chini nimelipita asubuhi,
lina seng'enge ya mtu mwingine.

Biira alikwenda. Mara mbili alikwenda!
Mara ya kwanza gesi ya mashine imekwisha,
mara ya pili mwenye ufunguo yuko semina Fort Portal.
Boda elfu nne kwenda, nne kurudi,
na Ijumaa ni soko la Mpondwe;
nyanya hazingoji ufunguo.
Mbili, hataki?

Nyumba ya Masika alinijibu mume,
mkewe kasimama nyuma yake na sufuria:
"Ugonjwa huo ni wa wanawake wa barabarani."
Masika akaitazama sufuria.
Nilichokiona usoni mwake hakina namba.

Kila mwisho wa mwezi msimamizi hulisoma daftari kwa kidole,
hushuka upesi kama anayeteremka ngazi,
halafu chini, kwa wino mwekundu: UELEWA MDOGO.
Simlaumu. Vidole viwili ni vidole viwili.

Ila hajawahi kuuliza juu ya mstari wa ishirini na tatu.
Ithungu, miaka arobaini na minne, watoto watano,
mhudumu wa afya wa kijiji.
Safu ya mwisho: tatu, hayupo.
Mwandiko ni wangu. Jina ni langu.
Siku zote nilizowafikisha wenzangu kwenye benchi
nilishika mikoba yao, nikahesabu vichwa,
nikajificha ndani ya kazi.
Sikiogopi chuma. Naogopa kujua
jambo ambalo usiku sitaweza kulirudisha nilikolitoa.

Jana Kabugho aliniita kutoka migombani.
Amesikia Alhamisi anakuja muuguzi wa kike kutoka Kagando.
"Nitakwenda," alisema, "ukitangulia wewe kitandani.
Nikikusikia unapiga kelele, narudi kwangu."

Basi leo nimefua petikoti yangu nzuri.
Mvua ya Ruwenzori imeinyeshea kambani mara mbili.
Saa nne ya usiku, bado inachuruzika.
Hiyo nayo ni sababu,
nimewaza, kalamu mkononi.
Kisha nikachochea makaa,
nikaitandaza juu ya kiti, karibu na jiko.