Kilo Ngapi

Polisi alituambia: tokeni njiani, nyinyi wa makala,
leo barabara ya Likasi si yenu.
Kana kwamba jana ilikuwa yetu.
Tukaziegemeza kwenye kichuguu baiskeli zetu,
huku tunaziita kinga, ingawa hazikingi kitu, hata mvua.
Mimi magunia matatu, Ngosa matatu na nusu
(ile nusu ni ya shemeji yake, hailipwi).
Tukapanda juu ya udongo mwekundu, tukangoja.

Mimi majina yao nayajua.
Redio yangu ndogo huifunga kwenye usukani kwa mpira.
Najua nani hupanda vizuri, nani huogopa mteremko,
nani alianguka akainuka na kiwiko cha damu.
Lakini redio haina harufu.
Sikujua kwamba wananuka hivi:
mafuta ya kuchua misuli, jasho, ndizi.

Kwanza pikipiki. Kisha gari lenye king'ora.
Kisha kimya, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutoa habari mbaya.
Halafu sauti: si nyuki, si mvua juu ya mabati,
ni minyororo themanini inasaga asubuhi.

Walipita karibu, ningenyoosha mkono ningegusa.
Niliona mapaja yaliyonyolewa, mishipa imetutumka kama mizizi.
Niliona chumvi imechora ramani mgongoni.
Mmoja anakula, mmoja anacheka,
mmoja anamtukana mwenzake kwa lugha ya kwao.
Upepo wao ukanipiga kifuani, ukachukua kofia ya Ngosa.
Nikahesabu hadi kumi na moja. Kwisha.

"Ndiyo hiyo?" Ngosa akauliza.
Sikumjibu. Magoti yalikuwa yakitetemeka,
na sikuwa nimepanda kilima chochote.

Tulikuwa tunashuka kichuguu ndipo akaja wa mwisho.
Peke yake, mdomo wazi, namba imechanika nusu,
nyuma yake gari la kuzoa waliochoka linamnusa visigino.
Watoto walikuwa wameshaondoka na makofi yao.
Pale barabara inapanda kidogo. Wenye magari hawajui,
sisi tunajua, pale ndipo mimi hushuka nikasukuma.
Yeye hakushuka. Alipunguza tu, akaitazama kinga yangu,
magunia, majani yaliyoziba midomo yake,
gurudumu la nyuma nililolitia nondo,
akauliza kwa Kiswahili cha hapahapa, cha Katuba kabisa:
"Kilo ngapi?"

Mia na sabini! nikapiga kelele,
nikikimbia ubavuni mwake, kandambili moja imebaki nyuma,
mia na sabini, siku mbili toka porini!
Akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.
Kimoja tu. Nacho kikarudi upesi, kilikuwa na kazi.

Usiku Mwape aliniuliza nani alishinda.
Nikabaki na tonge la bukari mkononi.
Kwa kweli sikuuliza.

Sikumwambia tulichofanya njia ilipofunguliwa.
Nilimwita Ngosa: kaa nyuma yangu, gurudumu kwa gurudumu,
nikukinge upepo, halafu tubadilishane.
Tukaenda hivyo mita kama mia mbili,
magunia sita na nusu, kundi la watu wawili,
mpaka akanigonga kwa nyuma, tukaanguka wote,
makala yakamwagika juu ya gudroni
palepale walipopita.
Tukayaokota moja moja, tunacheka hadi machozi.
Lililopasuka ni lile la shemeji.