Kurudisha Mawe

Miaka kumi na mmoja niliajiriwa kuhesabu nyayo.
Fisi-maji, majira ya baridi, theluji ya kufika magotini:
kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huganda,
na mikataba ya miezi sita sita, kama mpangaji asiyeaminika.

Mwaka wa kwanza, nyayo arobaini na mbili kando ya Kuurajoki.
Mwaka wa nane, tano.
Mwaka wa kumi na mmoja niliandika sifuri
nikaizungushia duara, ingawa sifuri tayari ni duara,
nikapeleka ripoti. Wakanishukuru kwa barua.

Mnyama hahami bure.
Nilivua skii, nikachungulia barafu ilipopasuka:
maji yalipita mbio, yamenyooka kama mstari wa karani,
bila jiwe hata moja la kumficha trauti,
na fisi-maji hashibi maji.

Nani aliyeyatoa nilimjua.
Yuko ukutani kwa mama: babu Eemeli, kofia upande,
fungu la baruti mkononi, mwaka wa hamsini na nne.
Magogo yalitaka njia, kiwanda kilitaka magogo,
bibi alitaka unga.
Simlaumu. Simlaumu sana.

Basi nikarudi darasani na mvi zangu
kusoma mwendo wa maji,
nikakaa mbele kwa ajili ya macho.

Sasa nasimama mtoni, suruali ya mpira hadi kifuani,
nikimwelekeza Taisto, dereva wa katapila,
ambaye akiwa na miaka kumi na sita
alilipwa kuyaburura mawe haya haya hadi ukingoni.
"Hili lilikuwa pale," husema, kabla sijakunjua ramani,
kisha hulishusha polepole
kama anayemlaza mtoto aliyesinzia begani.
Mara nyingine hukosea. Mara nyingine mimi.
Kuna siku tulibishania jiwe moja
mpaka supu ikashika barafu.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Mawe huzoleka: moja moja, kwa dizeli na kwa mgongo.

Juzi, kwenye kokoto tulizomwaga Agosti,
niliona shimo la mviringo, upana wa sinia,
safi kuliko mto wote:
trauti jike amefagia kwa mkia apate kutaga.
Taisto alizima injini bila kuambiwa.

Fisi-maji, bado.
Daftarini safu yake nimeiacha wazi.
Sifuri ya mwaka huu sijaiandika;
theluji haijaanguka.