Gunia la Viatu

Mimi Agoi, fundi viatu wa Chavakali.
Kibanda changu kinatazama mteremko
unaoshuka hadi kijitoni.
Sijui mengi. Najua nyayo.
Najua nani hukanyagia kisigino cha kushoto,
nani alipoteza kucha kwa funza utotoni,
na najua kiatu kilicholowa mtoni
si ndugu wa kiatu kilicholowa mvua:
cha mvua hulowa juu, kikakauka na kusahau;
cha mtoni hunywa kutoka chini,
gundi ikatapika, soli ikacheka.

Jumanne alikuja Kadenyi na kitabu.
Si Biblia. Si daftari la madeni.
Bajeti. Alikiomba mara tatu kule Mbale,
mara ya nne akaketi mlangoni akifuma sweta
mpaka karani akachoka kumruka.
Akafungua palipokunjwa,
ukurasa wa mia mbili na kumi na nne,
akasoma polepole kama anayetoa mwiba:
Daraja la miguu. Milioni mbili na laki nne.
Limekamilika.

Tulitazamana.
Kisha tukatazama mteremko.
Huko chini Vugutsa, mtoto wa darasa la tatu,
viatu mkononi, sketi kaikusanya kiunoni,
alikuwa akivuka daraja lililokamilika,
maji yakimfika magotini.

Alhamisi ulikuwa mkutano, ukumbi wa kanisa la Marafiki.
Sisi hapa tumelelewa na kimya,
kile cha kuketi hadi moyo wenyewe umsimamishe mtu.
Lakini kimya cha mikutano hii ni kingine.
Ni kimya cha soda na mkate,
cha kutia sahihi kwenye orodha, kupokea mia mbili ya nauli
(nauli gani, nami nimekuja kwa miguu?)
na kesho kusikia redioni
kwamba wananchi walishirikishwa.
Nimeutia sahihi mara nyingi ukimya huo.
Sahihi yangu ni nzuri. Niliisomea.

Afisa alitazama saa.
"Kama hakuna swali, tufunge kwa maombi."
Sikuwa na swali.
Nilikuwa na gunia.
Magoti yakalia, nikatembea hadi mbele,
nikalimwaga mezani, katikati ya chupa za maji,
na harufu ya tope ikakaa kiti cha kwanza.

Hiki cha Mwalimu Kisia, kililetwa Jumatatu.
Hivi vya Mmbone, muuza omena; mara ya tano mwaka huu.
Hiki hakina mwenzake. Mwenzake yuko Ziwa Victoria sasa,
kama hakukwama kwenye mizizi.

"Mzee," akasema afisa, "maoni yaletwe kwa maandishi."
Kutoka nyuma, bila kuacha kufuma,
Kadenyi: "Ameandika. Soma soli."

Sitakudanganya kwamba ukumbi ulilipuka.
Walicheka watu wawili, mmoja akakohoa.
Kisha kijana mmoja wa bodaboda, sijui jina lake,
akauliza kitabu hicho kinapatikana wapi.
Mama mmoja akauliza kama kina zahanati ndani.
Kilikuwa nayo. Ukurasa wa mia na tisini.
Ilikuwa imepakwa rangi mara mbili
kabla ya kuwa na kuta.
Hapo ndipo maombi ya kufunga yakachelewa
hadi taa zikawashwa.

Daraja bado.
Walikuja watu wenye kamba na vigingi,
wakapima, wakaondoka. Vigingi vipo;
mbuzi wa Imali amefungwa kwenye kimojawapo.
Nami ningali nashona viatu vya mtoni,
uzi mdomoni, kucha nyeusi kwa rangi.

Ila siku za Jumanne
kibanda changu kimekuwa kidogo.
Wanakuja watu wenye viatu vizima,
wanakaa juu ya matairi, juu ya debe, juu ya gunia lenyewe,
na kabla hata ya salamu kuisha
mmoja anauliza,
"Tulifika ukurasa gani?"