Swali la Tatu

La kwanza lilikuwa jepesi: Jina la kata.
Nikaandika KEKO, herufi kubwa, wino mweusi.
La pili: Idadi ya wakazi. Nikamtazama mtendaji,
mtendaji akatazama dari.
Andika wengi, akasema. Nikaandika wengi.

La tatu ndilo lililotuweka ofisini hadi saa nne usiku,
taa moja, mbu wasio na haya:
Elezeni utamaduni wenu
kwa maneno yasiyozidi mia mbili.

Sikudhani akasema, mdundiko, tumemaliza, tukalale.
Fundi Kondo akasema, samadari.
Nani katika mji huu ameozwa
akalala usiku wa kwanza pasipo mkono wa Keko?
Tukacheka. Akasema, mimi sicheki. Andika.
Mwajabu wa genge akataka kanga,
ile aliyomvalia wifi yake miezi mitatu
mpaka wifi akahama nyumba.
Imeandikwaje? Akasema, hiyo haiingii kwenye fomu.
Na Chande, kijana wa singeli, hakutia neno,
aligonga meza kwa vidole,
mia mbili kwa dakika, nilihesabu,
pigo moja kwa kila neno tulilolikosa.

Tukaliacha wazi. Tutaonyesha, tukasema,
kuonyesha kunashinda kueleza.

Tukachanga, mia tano, elfu, mwingine misumari.
Bango likachapwa Kariakoo, likarudi limeandikwa
KEKO KATA YA UTAMADUMI,
na hela ya kuchapa jingine hakuna.
Chande akapanda ngazi na kopo la rangi nyeupe
akaikata M mguu mmoja.
Wiki tatu tulizibua mitaro, tukazoa unga wa mbao,
hata mbuzi wa Mangungu wakafungwa kamba,
wakatuangalia kama waliosalitiwa.

Jumamosi ya waamuzi, alfajiri,
ngoma hazijaoteshwa moto,
kipaza sauti cha msikiti kikakohoa:
Bi Zuwena binti Pazi.
Mama wa mpiga ngoma wetu. Ukuta kwa ukuta na jukwaa.

Hakuna aliyeamuru.
Turubai la wageni rasmi likatembea kwa miguu ya watu
likasimama uani kwa marehemu.
Viti vilivyofungwa utepe wakakalia wafiwa.
Sikudhani akavua njuga, akainjika sufuria.
Na Fundi Kondo, zile mbao za mninga
alizozipiga randa siku tisa kwa samadari ya maonyesho,
akazipima upya kwa shibiri,
akapasua viunza.

Saa tano waamuzi wakashuka, watatu, na kalamu zao.
Yule mama mwenye miwani akauliza, onyesho liko wapi?
Nikasema, mama, tumefiwa.
Akafunga faili. Akavua viatu.
Nilipotazama tena alikuwa mkekani, kanga ya mtu begani.
Wa pili nilimwona kwenye jeneza, tai imegeukia mgongoni,
anapokea bega, anatoa bega, anapokea.
Wa tatu, kijana, hakujua asimame wapi.
Mwajabu akampa kisu na beseni la vitunguu.
Akalia kuliko ndugu.

Jioni wakala ubwabwa nasi kwenye sinia.
Daftari la rambirambi lipo, ninalo mimi:
elfu kumi, elfu kumi, elfu tatu na nauli yake.

Barua ilikuja baada ya mwezi.
Usafi: kumi na tisa kwa ishirini.
Onyesho: sifuri.
Swali la tatu: halikujibiwa.
Tuzo imekwenda kwingine, wanasema huko wanacheza vizuri,
na mimi naamini.

Bango sasa linafunika mbao za Kondo.
Mvua za mwaka huu ni za kweli,
rangi ya Chande inachuruzika kidogo kidogo,
na jana, nikipita na mwavuli,
niliuona mguu wa M umerudi.