Hatua Kumi na Tisa

Misimu kumi na mmoja Salehe Mwinjaka
alipima hatua kumi na tisa kwa raba iliyotoboka,
akachora alama ya chaki kwenye nyasi za Upanga,
kisha akaja.

Vijiti vitatu. Akiviona vimesimama
damu ilimchemka kama mtu aliyetukanwa.

Mpira mwekundu aliusugua pajani
hadi suruali nyeupe ikabaki na doa
ambalo Bi. Mwanahamisi, kwa jiki na ndimu, hakuling'oa.
Gazeti lilimpa mistari miwili,
jina wakalikosea.

Goti ndilo lililomtoa, si mpigaji.

Leo anahesabu nondo dukani, Gerezani.
Jioni wateja wakiisha
anarudi nyuma taratibu, midomo ikicheza:
kumi na saba,
kumi na nane,
ukuta.