Nambari Sitini na Moja

Dirishani wamebandika karatasi tangu Jumatatu:
ZIMEKWISHA. Herufi nyekundu, gundi imevuja.
Viti vya mbele, vyumba vya pembeni vya wenye nazo,
hata vile vya nyuma ya nguzo, vyote vimekwenda.
Graciana Ituarte anaimba kesho kwa mara ya mwisho
na Buenos Aires nzima imekumbuka ghafla kwamba ina masikio.

Imebaki roshani ya juu kabisa, ya kusimama,
chini ya dari, ambako joto na vumbi hupanda pamoja.
Sisi tunaiita Peponi.
Tiketi sitini, saa nne asubuhi,
mtu mmoja tiketi moja, fedha taslimu.

Mlanguzi alipita usiku, koti la ngozi,
akataja bei kwa mnong'ono, kama anayetaja ugonjwa.
Nikapiga hesabu: kodi ya miezi miwili, na meno ya mama.
Nikarudi kwenye foleni.

Daftari analo Anselmo Quiroga, karani mstaafu wa posta.
Hakuna aliyemteua. Alikuja na kalamu, basi.
Kila baada ya saa mbili anaita nambari,
asiyeitikia anafutwa. Hana mjomba wala shangazi.
Mimi ni sitini na moja, wa mwisho;
waliokuja nyuma yangu walihesabu vichwa, wakaenda zao.

Julai, baridi ya kung'ata ufizi.
Tulikalia magazeti, tukavaa soksi mikononi.
Mwenye thelathini na nne, mzee Baldomero,
ndiye aliyekuwa na chupa ya chai na kibuyu.
Kinywaji chetu kinaitwa mate, na jina halikukosea:
mrija mmoja, vinywa sitini,
hakuna aliyeuliza afya ya mwenzake.
Alinipa mimi kabla ya kunywa yeye.
Akasema aliwahi kushona viatu vya jukwaani,
na kwamba Graciana ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake;
siri ya miaka thelathini, akanipa bure.

Saa kumi na moja alfajiri maji yakaisha.
"Naenda kituo cha mafuta, wananijua."
Akaondoka, chupa kwapani.

Saa kumi na mbili Anselmo akafungua daftari.
Thelathini na mbili. Nipo.
Thelathini na tatu. Nipo.
Thelathini na nne.
Thelathini na nne!
Nilitazama viatu vyangu.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
changu hakikuwa nao. Kilikuwa kimya cha kawaida,
cha mtu anayehesabu: sitini na moja, toa moja.
Kalamu ikapita. Niliisikia ikikwaruza.

Alirudi baada ya dakika tisa, pumzi juu juu, chupa imejaa.
Anselmo akamwonyesha mstari.
Mzee hakugomba. Alitutazama mmoja mmoja
kama mtu anayetafuta mahali pa kutua mzigo,
kisha akaanza upya kugawa, kuanzia mkiani,
yaani kuanzia kwangu.
Nikapokea. Maji yalikuwa ya moto kweli.

Peponi niliingia.
Mbele yangu jamaa wa Rosario, mabega kama kabati;
nikaona nusu ya jukwaa, na mara moja tu,
alipoinua gauni kidogo ili ainame kushukuru,
miguu ya Graciana.

Ni kweli. Wa kushoto.